Unguja mjini: matembezi yanayohitaji daftari

Na Mwandishi Wetu, Ruaruke

MSIMU wa korosho unapokwisha na malipo ya mnada yakawafikia wakulima, wafanyabiashara wadogo wadogo wa Ruaruke na kata nyingine za wilaya ya Kibiti huanza kujiuliza wazipeleke wapi fedha zao. Wapo wanaonunua bati, wapo wanaofungua genge, na wapo wanaosema mwaka huu ni lazima wauone mji wa Zanzibar. Hawa wa mwisho huambiwa kuwa wanakwenda kuponda mali.

Ukurasa huu hauafiki moja kwa moja. Safari ya Unguja yaweza kuwa hasara tupu, na yaweza pia kuwa somo la soko ambalo hakuna semina italitoa kwa gharama hiyo. Inategemea msafiri amebeba daftari au ameliacha nyumbani.

Tunazungumzia Zanzibar badala ya Dar es Salaam kwa sababu Dar es Salaam mtu wa Ruaruke anaijua. Mbagala ndipo basi lake linapoishia, na Kariakoo ndipo anaponunua bidhaa za duka. Aidha, serikali imekwishahamia Dodoma, ambayo sheria ya mwaka 2018 imeitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Mji mkuu wenye bandari ya kupendeza uliobaki jirani na sisi ni mji wa Zanzibar, makao ya Serikali ya Mapinduzi. Na huo ni mji ambao watu wa delta ya Rufiji wana hisa ndani yake, ingawa hisa hizo hazikuandikwa mahali popote.

BORITI ZILIZOBEBA DARI

Mgeni akiingia ndani ya nyumba za Mji Mkongwe huliona jambo moja mapema: vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi ni mita 3 hivi. Sababu yake ni ya kibiashara kuliko ya urembo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Tajiri na maskini wote walijenga kwa kufuata kipimo cha mti.

Mikoko hiyo ilikatwa sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa. Majahazi yalipakia boriti kwenda Unguja, na mengine yaliendelea hadi Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizokuwa na miti ya kujengea.

Biashara ile ilikuwa na utaratibu wake. Miti haikuuzwa kwa rundo. Ilipangwa kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ikahesabiwa kwa korja, yaani miti 20. Mnunuzi aliyekuwa mbali aliweza kuagiza korja kadhaa za mazio bila kuuona mti wenyewe, na muuzaji akajua hasa anachotakiwa kupakia. Hapo pana mambo mawili ambayo kila soko linayadai: daraja na kipimo.

Leo mikoko ni hifadhi na haikatwi bila kibali. Delta ya Rufiji, pamoja na Mafia na Kilwa, imo katika orodha ya maeneo oevu ya Ramsar tangu mwaka 2004. Hatumshauri mtu kurudi kwenye boriti. Tunachosema ni kwamba ule utaratibu wa daraja na kipimo umepotea katika bidhaa zetu nyingine, na pengo hilo huonekana wazi zaidi mtu akifika Unguja.

NJIA NA GHARAMA

Njia ni moja inayofahamika. Msafiri hutoka Ruaruke hadi Kibiti, hupanda basi la barabara ya Kilwa hadi Mbagala, kisha huingia katikati ya jiji hadi bandari ya Dar es Salaam, karibu na Kanisa la Mtakatifu Joseph, ambako hupatikana boti ziendazo kasi. Safari ya baharini huchukua saa 2 hivi. Kitambulisho kiwe mkononi. Nauli ya raia ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo tiketi ikatwe ofisini kwenye kampuni yenyewe na isinunuliwe kwa mpiga debe.

Jambo moja halina mjadala. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 na Skagit ikazama Julai 2012, na mamia ya watu walipoteza maisha. Chombo kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiondoke. Mtaji hurudi, roho hairudi.

Gharama ya safari nzima iandikwe kabla ya kuondoka: nauli za kwenda na kurudi, malazi ya siku 2, chakula, viingilio na dharura. Atakayeongeza zawadi za jamaa na aziandike pia, kwa sababu ndizo zinazovuruga hesabu za wengi.

KUUTEMBEA MJI

Uzuri wa Zanzibar huanza kuonekana kabla boti haijafunga gati Malindi. Mbele ya bahari limesimama jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash. Lilikuwa la kwanza mjini humo kuwa na umeme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu 2 wakafariki. Mwenye mali ya kuingiza kipato na alitazame kwa makini: kitegauchumi kisichotengewa fedha za matengenezo humla mwenyewe.

Jirani yake ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na mbele ya ngome ni bustani ya Forodhani. Jina hilo tu ni somo, kwani forodha ndipo ushuru wa bidhaa ulipotozwa. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jioni hugeuka soko la chakula: mishikaki, pweza, urojo, maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Mtu wa delta ataona pweza na samaki wa bahari ileile anayoijua, lakini wakiuzwa kwa kipande.

Ukiingia ndani utafika Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Juu ya mahali hapo likajengwa kanisa la Anglikana chini ya Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa mwanafunzi mkubwa wa lugha ya Kiswahili. Hapa msafiri wa kusini hatapita kama mgeni wa kawaida. Wengi wa waliouzwa walitolewa bara na kupitishwa Kilwa. Wale hawakwenda kutafuta soko, wao ndio waliokuwa bidhaa. Mtu na asimame kidogo kabla ya kufungua daftari.

Kutoka hapo si mbali na Hamamni, palipo na mahamamu ya enzi za Barghash, wala na milango ya nakshi ambayo kila mtalii huipiga picha. Mwenye muda huvuka kwa mashua hadi kisiwa cha Changuu, ambako jela iliyojengwa mwaka 1893 iligeuzwa kituo cha karantini, na kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli ndio wanaovuta watu. Vijana wa Ulaya na Marekani nao hutafuta nyumba inayohusishwa na mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Nyumba ya kawaida imepata bei kwa sababu ya jina la mtu.

KINACHOUZWA HASA

Hapo ndipo daftari linapoanza kazi. Zanzibar ilikuwa nchi ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na zaidi ya miaka 100 baadaye bei ya karafuu duniani ikaporomoka. Visiwa vikageukia utalii. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, tamasha la filamu la nchi za jahazi lilianza kufanyika mwaka 1998, na la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004. Leo utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la Visiwa. Mwaka 2023 waliingia watalii zaidi ya 638,000, na mwaka 2024 zaidi ya 736,000, ambao ni wastani wa watu 2,000 kwa siku. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje ya nchi hulipia bima ya Dola 44 za Marekani kabla hajanunua hata kashata.

Watu 2,000 kwa siku hula, hulala, hununua. Visiwa havitoshelezi mahitaji hayo. Mchele, vitunguu, viazi na nyanya kwa wingi hutoka Bara au ng'ambo. Kwa hiyo soko lipo, na swali lililobaki ni kama bidhaa ya Ruaruke ina nafasi ndani yake.

Jibu halipatikani Forodhani. Linapatikana Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na katika masoko mapya ya Mwanakwerekwe na Jumbi. Msafiri aende alfajiri, salamu kwanza na bei baadaye, kisha aulize maswali manne kwa kila bidhaa inayomhusu: inatoka wapi, inapimwa kwa kipimo gani, bei ya jumla na ya rejareja ni ipi, na nani huileta. Majibu ya asubuhi mbili katika masoko mawili yanatosha kumwonyesha mtu pa kuingilia au pa kukimbia.

LIPI LIENDE, LIPI LIBAKI

Nazi ndiyo bidhaa ya kwanza watu kuifikiria. Unguja na Pemba zina minazi yao. Nazi ni nzito, hula nafasi, na humkuta mwenyeji akiwa na yake shambani. Mwenye kuipeleka bila oda ya maandishi anacheza bahati nasibu.

Mchele una nafasi, ila unashindana na mchele wa mikoa mingine na wa meli. Mpunga wa bonde la Rufiji una ladha inayojulikana na walaji, lakini mara nyingi huchanganywa na mbegu nyingine kwenye gunia moja, na chenga humo humo. Katika soko ambalo mnunuzi wa hoteli anaagiza kwa simu, mchele usio na daraja hauna jina.

Korosho ghafi isiguswe. Hiyo huuzwa kwa mnada kupitia ushirika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na atakayeipeleka kwa mlango wa nyuma atapoteza mzigo na huenda uhuru wake pia. Korosho iliyobanguliwa na kufungwa vizuri ni habari nyingine, kwani mtalii huinunua kwa pakiti ndogo kama kumbukumbu ya safari. Anayetaka kubangua aanzie Bodi ya Korosho kuulizia kibali.

Kamba wa delta wanasifika nchi nzima. Hata hivyo, uvuvi wao una miezi ya kufungwa, na bila barafu kutoka mtumbwini hadi jikoni mwa hoteli mzigo hufika ukiwa mbolea. Hii ni kazi ya kikundi chenye mtaji, na mtu mmoja mwenye ndoo asiijaribu.

Mikeka ya ukindu inayosukwa na akina mama wa Kibiti na Rufiji ndiyo inayotupa matumaini zaidi kwa mtaji mdogo. Haiozi, ni myepesi, na kazi ya mkono ndiyo inayotafutwa na wageni. Lakini Zanzibar nako wanasuka, hivyo mkeka mkubwa wa kulalia hautakuwa jambo jipya. Maduka ya Mji Mkongwe huuza vitu vidogo vya kutosha kwenye begi la ndege: vikapu, vitandiko vya meza, mikoba. Tena huvitaka sita sita vya ukubwa mmoja na rangi moja. Msafiri apeleke sampuli za saizi 3 tu, aache bei yake na namba yake ya simu, arudi nyumbani akasubiri oda.

Asali itokanayo na mizinga inayotundikwa kwenye mikoko nayo ina hadithi ya kuuza bila kukata mti. Ila chupa bila nembo ya ubora haiingii hotelini. Habari za viwango ziulizwe TBS kwa upande wa Bara na ZBS kwa Zanzibar, na za kodi ziulizwe TRA na ZRA kabla ya mzigo kupakiwa. Wengi hujua masharti wakiwa gatini, wakati ambapo hawana tena nguvu ya kuamua.

Kwa upande wa kurudi, karafuu zisinunuliwe kwa biashara. Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) ndilo lenye mamlaka ya kununua na kusafirisha zao hilo, na magendo ya karafuu yana adhabu. Pakiti ya viungo vya pilau kwa matumizi ya nyumbani inatosha.

HESABU YA SAFARI

Tuchukue mfano. Mtu ana mtaji wa Sh. 600,000. Safari imemgharimu Sh. 150,000, na Sh. 450,000 zilizobaki amenunulia bidhaa. Ili arudi pale alipoanzia, kabla ya kupata hata senti moja ya faida, bidhaa hizo zinatakiwa kumpa ongezeko la asilimia 33, na hapo hatujahesabu usafirishaji wa mzigo wala ushuru. Bidhaa chache sana za mashambani hutoa ongezeko la namna hiyo kwa mkupuo mmoja.

Sasa tuchukue watu 5 wenye mtaji huohuo. Kila mmoja anatoa Sh. 30,000, wanamtuma mwenzao mmoja mwenye macho makali na mwandiko unaosomeka. Akirudi na oda, wanachanga mzigo wa Sh. 2,850,000. Gharama ileile ya Sh. 150,000 sasa inahitaji ongezeko la asilimia 5.3 tu kurudi. Na akirudi na habari kwamba soko halipo, kila mmoja amepoteza Sh. 30,000 badala ya mtaji mzima. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyopo vijijini vinaweza kulifanya jambo hili bila kuunda chama kipya.

JINA NI MTAJI

Bandari ya Zanzibar ina kisa kingine kinachotuhusu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga hapo kwa matengenezo. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliisaka kwa miezi, wakatumia hata ndege, mpaka tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wenyewe walipoizamisha. Mizinga yake ilitolewa ikatumika nchi kavu. Mmoja leo uko Mombasa na mwingine Pretoria, na wageni huitazama. Kisa ni chetu, wanaokionyesha ni wengine.

Kwa miaka mingi jina la Kibiti lilijulikana kwa korosho na kwa barabara ya kusini. Mauaji ya mwaka 2016 na 2017 yakalipeleka magazetini kwa sura nyingine, na biashara ikaumia pamoja na familia zilizofiwa. Jina likichafuka huchukua muda kusafishika, na husafishwa kwa vitu vinavyoonekana: gunia la daraja moja lenye jina la lilikotoka, mkoba wa ukindu wenye kibandiko, mzigo unaofika siku iliyoahidiwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Zanzibar ni nzuri, na bado hujitembeza kila siku kwa tamasha, kwa hadithi na kwa vibao vya mitaani.

USHAURI WA WIKI HII

Kwa anayekusudia kwenda, Februari ni mwezi unaofaa. Fedha za korosho huwa zimekwishaingia, wageni wapo, na masika hayajaharibu njia zetu. Aprili na Mei hoteli nyingi hupungukiwa wageni na baadhi hufunga, hivyo anayekwenda wakati huo ataona soko limelala na kudhani limekufa. Mwezi wa Ramadhani shughuli za chakula mchana husimama, na bei hubadilika kabla ya Idi.

Asibebe mzigo safari ya kwanza. Abebe sampuli, kitambulisho, kalamu na daftari lenye safu nne za maswali tuliyoyataja. Na akirudi Ruaruke awasomee wenzake alichoandika kabla hajawasimulia alichokiona.